UZI: Mwanangu hana sukari lakini anakunywa maji usiku kucha, na kanzu ya Idi ya mwaka juzi bado inamtosha

#1 MchumaKarafuu

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Mwenye mtoto asiyeshiba maji avute mkeka akae.

Mie niko Pemba, upande wa Wete, shamba. Mwanangu wa tatu, wa kiume, ana miaka 9. Mwaka jana kabla ya Ramadhani alianza kunywa maji. Najua watoto wote hunywa maji. Huyu alikuwa akiamka saa saba usiku, akaamka saa tisa, akaamka saa kumi na moja, na kila akiamka ni kopo zima, tena anataka ya baridi. Na kila kilichoingia kilitoka. Mkojo mweupe kama maji ya mvua. Kukojoa kitandani alishaacha tangu ana miaka mitatu, akarudi. Godoro likawa halikauki.

Tukampeleka kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, sukari 5.1. Tukaambiwa hana kisukari, ni mazoea tu, mpunguzieni maji ya usiku. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, maana tulimpunguzia kweli. Mama yake alihamishia ndoo ya maji ya kunywa chumbani kwetu na mlango tukafunga. Usiku wa nne mwadhini wetu akaja kunigongea kabla ya alfajiri. Kamkuta mtoto kwenye birika la msikiti, kainama, anakunywa maji ya udhu kwa viganja. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Ndoo ikarudi ukumbini siku ile ile.

Bibi yake akasema kaingiwa na kitu cha baharini. Akaja shekhe akamwandikia kombe. Kombe lile kijana alilinywa lote, akauliza kama lipo jengine. Tulicheka, na shekhe mwenyewe alicheka, kisha akaniita pembeni: "Mie nitaendelea kumsomea, lakini huyu mpeleke spitali kubwa. Mtoto wa jini haombi kombe la pili."

Aliyelifumbua fumbo khasa ni dada yangu, mshonaji. Idi ilipokaribia alikuja kuwapima watoto kanzu. Akampima kijana, akatazama daftari lake, akampima tena. Inchi zile zile za mwaka juzi. Mdogo wake wa miaka 7 keshamfika sikioni. Sisi tunaoshinda naye hatukuona kitu, kimo cha mtu wa kila siku hakionekani.

Basi safari zikaanza. Chake, Unguja, mwisho Muhimbili. Unguja tuliambiwa tukusanye mkojo wa saa 24. Dumu la mafuta la lita 5 lilikaribia kujaa, mtoto wa kilo 22! Kisha akalazwa, akanyimwa maji kwa makusudi, lakini si kama ule ujinga wetu wa nyumbani. Pale nesi yuko pembeni, mtoto anawekwa mzanini kila saa, damu na mkojo vinapimwa. Kadiri alivyokauka, mkojo ulibaki mweupe vile vile. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, inayopanda mtu akikauka, ikafika 151 wakasimamisha, wakampa dawa inaitwa desmopresini. Baada ya saa chache akakojoa kidogo tu, na ulikuwa wa njano. Mama yake alilia kwa kuuona mkojo wa njano.

Dar wakampiga picha ya kichwa kwa ile mashine ya MRI. Kumbe chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi, inaitwa pituitari, imening'inia kwa kikonyo. Daktari aliposema kikonyo nikamwelewa papo hapo, sisi tunashinda na makonyo ya karafuu mikononi. Cha mwanangu kimenenepa, milimita 5. Wanasema tezi ina mchochota, kwa jina lao hipofisitisi. Homoni ya kukuza mwili iko chini, na nyengine inaitwa kotisoli iko chini pia.

Nauliza mawili. Yuko mwengine humu mwenye mtoto wa namna hii? Na la pili, daktari kila siku anasema "tunadhani ni hipofisitisi". Kila baada ya miezi mitatu anataka picha nyengine. Kwa nini hasemi moja kwa moja? Karafuu za msimu wote zimeishia kwenye boti na nyumba za wageni Kariakoo.

#2 Kibajaji_Darajani

Pole sana kaka. Mkeka nimetandika, nasoma.

#3 UkhtiMtoni

Pole Baba. Jee hakuwahi kuanguka? Kijana wa jirani yangu alianguka mwembeni akaumia kichwa, wiki ya pili akaanza kiu kama hiyo hiyo.

#4 MchumaKarafuu

Hakuanguka. Waliniuliza hilo mara tatu, kila spitali mara moja.

#5 Abu_Suhail

Kaka usije ukaacha ruqya ukamtegemea mzungu na mashine zake. Haya mambo ya usiku na maji yana wenyewe.

#6 MchumaKarafuu

Shekhe wangu umemsoma hapo juu alivyosema. Mtoto anasomewa kila Alkhamisi na dawa anameza. Sijaona vinapogombana.

#7 Dkt_Upanga

Wa alaykum salaam. Mimi ni daktari wa watoto, simtibu mtoto wako, kwa hiyo sitagusa dozi. Ila swali lako la pili linastahili jibu refu, na daktari wako anastahili kutetewa.

Kwanza kazi ya tezi yenyewe. Sehemu ya mbele inatuma homoni za kukua, za kuiamrisha tezi ya shingoni, za kuziamrisha tezi za adrenali juu ya figo zitoe kotisoli, na za balehe baadaye. Sehemu ya nyuma inatunza homoni inayoitwa vasopresini, ambayo huyaambia mafigo yarudishe maji mwilini. Vasopresini ikikosekana, figo zinamwaga tu, na ile desmopresini aliyopewa mwanao inashika nafasi yake. Mtoto hanywi kwa uroho, anakimbizana na maji yanayomtoka. Ndiyo maana kumnyima maji nyumbani ni hatari kubwa, na ndiyo maana sukari yake ilikuwa sawa. Ugonjwa huu kwa miaka mingi umeitwa dayabetisi insipidasi. Hilo neno la kwanza limewachanganya wengi, hata wahudumu wa afya, wakadhani ni kisukari, wagonjwa wakacheleweshewa dawa yao wodini. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza jina jipya: upungufu wa vasopresini.

Sasa hipofisitisi. Kinga ya mwili inaishambulia tezi kama adui. Ripoti ya kwanza iliandikwa mwaka 1962 na Goudie na Pinkerton, juu ya mwanamke wa miaka 22 aliyefariki baada ya kujifungua, na tezi ikaonekana imejaa chembe za kinga. Tangu hapo wengi walioonekana ni wanawake wajawazito au waliojifungua karibuni. Kwa watoto ni nadra sana, na mara nyingi mlango wake ni huo huo ulioupitia wewe, kiu na mkojo, kisha kimo kusimama. Wengine huanzia kwenye kuumwa kichwa au kuona ukungu.

Kwa nini "tunadhani"? Kwa sababu kikonyo kilichonenepa kwa mtoto kina wenyewe zaidi ya mmoja, na mwanzoni wote wanafanana kwenye picha. Kuna huu mchochota. Kuna histiositosisi ya Langerhans, ambapo chembe fulani za kinga zinazaliana ovyo na kukaa kwenye mifupa, ngozi na tezi hiyo. Kuna uvimbe wa saratani unaoitwa germinoma. Kwetu hapa kuna na kifua kikuu, usikisahau. Germinoma ndiyo inayotunyima usingizi. Inaweza kujificha miezi, hata miaka, kikonyo kikiwa kimevimba kidogo tu. Mbaya zaidi, mwili huizungushia chembe za kinga, kwa hiyo hata ukikata kipande ukakitazama kwenye hadubini unaweza kuuona mchochota tu na uvimbe wenyewe ukakuponyoka.

Utauliza, basi si wakate? Kikonyo kina milimita 5, kiko jirani na mishipa ya macho inapopishana. Ukikata unaweza kumpotezea hata homoni zilizobaki. Kwa hiyo kama hakikui, tunasubiri na kupiga picha. Kikikua, ndipo tunakata. Na usishangae kama hawakukimbilia kumpa steroidi, dawa za kutuliza mchochota, za dozi kubwa: zinaweza kuupunguza uvimbe kwa muda na kutufunga macho sote.

Habari njema ni kwamba germinoma ikigundulika hutibika vizuri kwa mionzi na dawa. Kinachotakiwa ni kuikuta mapema. Picha za kila miezi mitatu ni kazi hiyo, si biashara.

Walimpima AFP na beta-hCG, zile alama zinazotolewa na baadhi ya uvimbe huo?

#8 MchumaKarafuu

Daktari Mungu akulipe. Ndiyo, kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Tuliambiwa hamna kitu. Lakini ile hCG nesi alisema ndiyo homoni ya kipimo cha mimba! Nilikasirika sana, nikaona wanafanyia majaribio mtoto wa kiume wa watu.

#9 Dkt_Upanga

Hahaha, hapana. Baadhi ya uvimbe wa aina hiyo hutoa homoni ile ile. Kipimo ni hicho hicho, swali ndilo tofauti.

#10 Kibajaji_Darajani

Kwa hiyo babu yetu mtarajiwa hana mimba alhamdulillah 😂

#11 MamaPacha_Fuoni

Kaka yangu MchumaKarafuu, mie ndiye uliyekuwa unamtafuta. Mmoja wa pacha wangu, wa kike, alianza akiwa na miaka minne. Kwetu ilikuwa hiyo Langerhans aliyoitaja daktari. Ukirudi nyuma kuangalia, dalili zilikuwepo. Alikuwa na ukurutu kichwani usiosikia mafuta ya nazi wala dawa ya fangasi, sikio likitoka usaha miezi, na kidonda cha mfupa juu ya jicho tulichodhani kajigonga. Sisi tulikuwa tunatibu sikio peke yake, ngozi peke yake. Hakuna aliyekaa akaviunganisha mpaka kiu ilipoanza.

Alipata vinblastini, dawa ya saratani, kwa sindano, na predinisoloni, moja ya hizo steroidi, kwa muda mrefu. Leo yuko darasa la tatu, mfupa umejaa, ngozi safi. Ila ile kiu haikurudi nyuma, mpaka leo yuko kwenye desmopresini na nimeshakubali kwamba ni ya maisha.

Moja nikutahadharishe. Kotisoli ya mwanangu ilipogundulika iko chini wakamwanzishia haidrokotisoni, dawa ya kujazia kotisoli, na wiki ile ile mkojo ukafunguka mara mbili ya mwanzo. Nilidhani dawa imemdhuru. Kumbe kotisoli ikiwa chini sana mwili unashindwa kumwaga maji vizuri, kwa hiyo ile kiu ilikuwa imefichwa nusu. Ukiiona, usiache dawa. Piga simu.

#12 MchumaKarafuu

Dada yangu! Ndivyo ilivyotokea kwetu pia, na hakuna aliyetwambia kabla. Walimpiga picha za mifupa yote na kifua, wakasema safi.

#13 Ticha_wa_Ole

Natoa ushuhuda wa upande wa pili. Nafundisha skuli ya msingi. Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka kila kipindi. Tukaweka sheria, hakuna kutoka mpaka kengele. Yeye akajikojolea mbele ya wenzake na jina la Mvua likamkaa. Aliacha skuli mwaka ule. Sijui alikuwa na nini, sikuwahi kujua. Nikisoma uzi huu siwezi kulala.

MchumaKarafuu, mwalimu wa mwanao umemwambia?

#14 MchumaKarafuu

Nimemwambia. Anakaa karibu na mlango, chupa mezani, haombi ruhusa. Wenzake mwanzo walimwonea kijicho, sasa wanakunywa kwenye chupa yake.

#15 NesiZamuYaUsiku

Niko wodi ya watoto, sitasema wapi. Daktari kaeleza vizuri, mimi naongeza yale ya saa nane usiku, maana homa haziingii saa za kazi.

Mtoto mwenye kotisoli ya chini akiwa mzima anameza dozi yake ndogo mara tatu kwa siku. Akipata homa, mwili wake hauna wa kumwongezea kotisoli kama wetu unavyofanya wenyewe. Kwa hiyo siku za homa dozi huzidishwa mara mbili au tatu, kwa maelekezo mliyoandikiwa. Akitapika na dawa haikai tumboni, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ni sindano ya haidrokotisoni na dripu, mara moja. Nimepokea mtoto baridi, amelegea, sukari imeshuka, wazazi wanasema alikuwa na tumbo tu tangu jana. Tulimwahi, lakini kidogo sana. Muwe na karatasi yenye jina la ugonjwa, dozi, na maneno haya kwa herufi kubwa: ANAHITAJI HAIDROKOTISONI. Ifungeni kwenye nailoni, iwe mfukoni kwa mama, kwa baba, na kwenye mkoba wa skuli. Usiku ule hutaweza kueleza hipofisitisi kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza.

La pili ni desmopresini yenyewe. Watu wanaiogopa isipokuwepo, mimi naiogopa ikiwepo halafu mtoto anaendelea kunywa kwa mazoea. Dawa imeshafunga mkojo, yeye bado anajaza kopo, na soda za jioni, na maji ya madafu. Maji yanamzidi, sodiamu inashuka, kichwa kinauma, anatapika, anaanza degedege. Na watu watasema ni malaria, au shetani. Anywe akiwa na kiu, si kwa saa. Na wengi tunawafundisha wamwache mtoto akojoe mkojo mwingi mweupe angalau mara moja kwa siku kabla ya dozi inayofuata, mujue maji ya ziada yametoka.

#16 Kidau_Kizimkazi

Swali la mjinga. Kama akiwa na maji ya kutosha haumwi, si bora aachwe anywe tu, hizi dawa za bei za nini?

#17 MamaPacha_Fuoni

Si swali la mjinga, mume wangu aliliuliza pia. Jaribu wewe kuamka mara saba kila usiku mwaka mzima. Mtoto wangu alikuwa anasinzia kwenye sahani. Hakuli, kwa sababu tumbo limejaa maji, na usingizi ndio wakati wa kukua. Na siku akipata homa au akatapika, akashindwa kunywa, masaa machache yanatosha kumkausha. Mtoto mchanga ndiyo usiseme, hawezi hata kudai.

#18 Abu_Suhail

Nimesoma yote. Kaka MchumaKarafuu nisamehe kwa maneno yangu ya juu. Nina mjukuu anakunywa hivi hivi, tulikuwa tunamwita Samaki. Sukari hawajapata. Nianzie wapi?

#19 Dkt_Upanga

Mzee wangu, anza na dumu. Mkojo wote wa saa 24 kwenye chombo kimoja, na mpeleke na uzito wake. Mtoto mkubwa kidogo akivuka mililita 50 hivi kwa kila kilo kwa siku, hilo si mazoea. Kisha mkojo wa asubuhi wa kwanza upimwe kama mwembamba au mzito, na damu ipimwe sodiamu, figo, kalsiamu na potasiamu, kwa sababu si kila kiu ni ya tezi. Na mpime kimo leo, uandike tarehe. Maji msimnyime hata siku moja.

#20 UkhtiMtoni

Na Ramadhani jee? Mwanao anataka kufunga?

#21 MchumaKarafuu

Ndiyo ugomvi wetu mkubwa, ukhti. Mwaka jana alijaribu, saa nne asubuhi akaanguka chuo cha Qur'ani. Mwaka huu kaniambia, "Baba nina dawa sasa." Shekhe kamwambia hajabaleghe, na hata angebaleghe mgonjwa ana ruhusa yake. Hakukubali. Mwisho mama yake kampa kazi: yeye ndiye anayeamsha nyumba daku, maana anaamka kumeza haidrokotisoni ya alfajiri. Anapita na kopo na kijiko akigonga milango mpaka ya jirani. Kaona kapata cheo.

#22 Jahazi_la_Tumbatu

Dawa yenyewe unaihifadhi vipi huko shamba?

#23 MchumaKarafuu

Mwanzo tulipewa ya kupuliza puani, ya kukaa baridi. Umeme ukikatika naipeleka kwa muuza samaki kwenye kasha lake la barafu, kijana akawa anakwenda skuli pua inanuka changu. Sasa wamembadilishia vidonge, vinakaa kabatini pakavu. Kuvipata ndiyo kazi, duka moja vipo mwezi huu, mwezi ujao havipo, kwa hiyo nanunua vikiwa bado vya wiki tatu. Mwenye kujua duka la Pemba linaloviweka aje pm.

#24 MchumaKarafuu

Wanajamvi, narudi na mrejesho. Picha ya pili kikonyo kilikuwa milimita 5 vile vile. Ya tatu tumepiga wiki iliyopita: 3.8. Daktari wetu, ambaye hajawahi kucheka mbele yangu, alitabasamu. Bado anasema "tunadhani", ila safari hii alilitamka polepole. Picha ijayo ni baada ya miezi sita badala ya mitatu. Sindano ya homoni ya kukua amesema tuisubirie mpaka awe na uhakika hakuna kilichojificha, na bei yake aliponitajia nikaona kusubiri kuna heri.

Dada yangu kampima tena juzi. Kaongezeka nusu inchi tangu aanze haidrokotisoni na kulala usiku. Kaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Kanzu mpya hataki kumshonea bado, anasema ataiteremsha pindo ile ya zamani kwanza.

Abu_Suhail, dumu la Samaki lilisoma ngapi?

#25 Abu_Suhail

Lita 3 na robo. Kilo 18. Tuko gati la Mkoani na mama yake, boti ya asubuhi. Niombeeni.